Masomo ya Chuo Kikuu na Kazi ya Ujira katika Sayansi ya Taarifa za Kijiografia

Katika karatasi ya ramani ya kipimo cha 1:50,000, ambayo wanafunzi wengi wa sekondari huitumia katika somo la usomaji ramani, sentimita 1 huwakilisha mita 500 za ardhi. Kwa hiyo milimita 6, kiasi kisichofikia unene wa penseli ya kawaida, huwakilisha mita 300. Mwanafunzi akikosea milimita 6 darasani hupoteza alama moja au mbili, mwalimu humsahihisha kwa kalamu nyekundu, na kipindi huendelea. Lakini mtaalamu akikosea kiasi hicho hicho katika ramani ya bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, nyumba iliyomo katika njia ya maji yaweza kuonyeshwa kuwa iko mahali pakavu. Kosa hilo huenda lisigunduliwe mpaka mvua inyeshe.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, kwa nini elimu ya taarifa za kijiografia haikamiliki darasani peke yake. Pili, jinsi vyuo vikuu vya nchi nyingine vilivyounganisha masomo na kazi yenye malipo. Tatu, swali ambalo nchini Tanzania bado linahitaji jibu: mwanafunzi anayejifunza kazini alipwe na nani?

Sayansi hii ni ipi?

Mfumo wa taarifa za kijiografia ni mpango wa kompyuta unaohifadhi habari za mahali katika matabaka. Tabaka moja laweza kuwa la barabara, la pili la mito, la tatu la miinuko, la nne la makazi ya watu. Tuseme wilaya inataka kujenga zahanati. Mahali pafaapo ni karibu na barabara, karibu na watu wengi, mbali na bonde lifurikalo, na penye mteremko mdogo. Zamani mchoraji alichora kila tabaka katika karatasi inayopenyeza mwanga, akazipanga karatasi hizo moja juu ya nyingine, kisha akatafuta mahali ambapo masharti yote yamekutana. Kompyuta hufanya kazi hiyo hiyo kwa hesabu.

Yafaa ieleweke kwamba fikra hii haikuzaliwa katika ukumbi wa mihadhara. Ilizaliwa kazini, na chanzo chake kina uhusiano na Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanajiografia Roger Tomlinson alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya upimaji wa angani iitwayo Spartan Air Services, mjini Ottawa, Canada. Kampuni hiyo ilitakiwa kutafuta mahali pafaapo kupandwa msitu nchini Kenya. Ramani zilizohitaji kulinganishwa zilikuwa nyingi mno, na gharama ya kuzilinganisha kwa mkono ilionekana kuwa haibebeki. Tomlinson akajiuliza kama kompyuta, ambazo wakati huo zilitumiwa zaidi kwa hesabu za fedha na za kisayansi, zingeweza kusoma ramani. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 aliongoza ujenzi wa mfumo wa taarifa za kijiografia wa Canada, uliokusudiwa kuhifadhi na kuchambua habari za ardhi ya nchi hiyo kubwa: ipi yafaa kilimo, ipi misitu, ipi wanyamapori na ipi mapumziko.

Baada ya miaka mingi ya kutumia mifumo hiyo, wataalamu waliona kwamba kujua kuendesha chombo si sawa na kuijua elimu iliyo nyuma ya chombo. Mwaka 1990 Michael Goodchild, na kisha katika makala yake ya mwaka 1992, alitoa hoja kwamba kuna sayansi kamili ya taarifa za kijiografia. Mfumo hujibu swali, "Kitu hiki kiko wapi?" Sayansi huuliza zaidi: "Tunajuaje? Kosa letu laweza kuwa kubwa kiasi gani? Ni nani aliyepima, lini, na kwa njia ipi?" Maswali haya ndiyo yanayoifanya kazi ya nje ya darasa kuwa ya lazima.

Makosa matatu ambayo darasa huyaficha

Mwalimu wa chuo kikuu anapotayarisha zoezi, aghalabu huwapa wanafunzi data zilizokwisha kusafishwa. Hawezi kulaumiwa kwa hilo, kwa sababu saa mbili za zoezi hazitoshi kusafisha data na pia kujifunza uchambuzi. Hata hivyo, mwanafunzi huondoka akiamini kwamba data huzaliwa safi. Kuna makosa matatu ambayo kwa njia hiyo hufichika.

Kosa la kwanza ni la mpangilio wa namba. Katikati ya jiji la Dar es Salaam ni takriban latitudo -6.8 na longitudo 39.28, alama ya kutoa ikionyesha kusini mwa ikweta. Karani akizigeuza namba hizo, akaandika longitudo mahali pa latitudo, Dar es Salaam itaonekana magharibi ya Hispania, si mbali na mpaka wa Ureno. Akisahau alama ya kutoa, jiji litahamia nyanda za juu za Ethiopia. Makosa haya ni makubwa, na kwa hiyo ni rahisi kuyaona. Lililo gumu kuonekana ni kukata tarakimu. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Mtu akiandika tarakimu mbili tu baada ya nukta, hatua yake ndogo kabisa ni kilomita 1.1, akiandika tarakimu tano, hatua hiyo ni mita 1.1. Jedwali la kompyuta laweza kukata tarakimu hizo bila kelele yoyote, na ramani ikaendelea kupendeza macho.

Kosa la pili ni la mfumo wa marejeo wa upimaji. Dunia si tufe kamili, kwa hiyo wapimaji hulikadiria umbo lake na kuanzia hesabu zao katika marejeo fulani. Ramani za zamani za 1:50,000 za Tanzania zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960. Setilaiti za GPS, ambazo husomwa na simu za mkononi, hutumia mfumo wa WGS 84. Mahali ni pale pale, lakini namba zake ni tofauti. Katika eneo la Dar es Salaam, mtu akichukua namba za gridi alizopewa na kipokezi cha GPS cha WGS 84 na kuzichora moja kwa moja katika karatasi ya zamani, alama yake itaangukia takriban mita 300 kusini, na karibu mita 100 mashariki, ya mahali pake halisi. Hizo mita 300 ndizo milimita 6 zilizotajwa mwanzoni. Kosa hili halina dalili: kila nukta imehama kwa kiasi kile kile, na umbo la mtaa limebaki sawa.

Kosa la tatu latokana na mazungumzo na watu. Mkazi wa bondeni akiulizwa mafuriko yalikuwa na kina gani, hasemi sentimita 90. Husema maji yalifika kiunoni. Kiuno cha nani, mtu mzima au mtoto? Akiwa amesimama ndani ya nyumba au barabarani? Hali kadhalika, mtaa mmoja waweza kuwa na jina la serikali, jina la wenyeji wa zamani na jina la kituo cha daladala. Hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha mwanafunzi jinsi ya kukaa na mjumbe wa shina barazani, kumsikiliza kwa heshima, na kugeuza maelezo yake kuwa namba bila kuyapotosha. Hili hujifunzwa kwa kulifanya, chini ya msimamizi aliyekwisha kulifanya.

Utaratibu wa kupokezana darasa na kazi

Fikra ya kupokezana masomo na kazi ya ujira haikuanza na taaluma hii. Mwaka 1906 Herman Schneider, mwalimu wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, alianza na wanafunzi 27 waliopokezana muda wa darasani na muda wa kiwandani. Mwaka 1957 Chuo Kikuu cha Waterloo, katika jimbo la Ontario nchini Canada, kilianza na wanafunzi wa uhandisi waliosoma kwa utaratibu huo tangu siku za kwanza. Baadaye utaratibu ulienea katika masomo mengine ya chuo hicho, na leo miongoni mwa masomo hayo imo elimu ya upimaji na taarifa za kijiografia.

Mwenendo wake kwa kifupi ni huu. Mwaka hugawanywa katika vipindi vya miezi minne. Baada ya kusoma kipindi kimoja au zaidi, mwanafunzi huomba kazi kama mwombaji mwingine yeyote: huandika barua, hufanyiwa usaili, na aweza kukataliwa. Akipata, hufanya kazi kipindi kizima katika ofisi ya mipango miji, kampuni ya upimaji, idara ya misitu au mahali pengine. Mwajiri ndiye amlipaye. Mwisho wa kipindi mwajiri hutoa tathmini yake, mwanafunzi naye hutafakari na kueleza aliyojifunza, kisha hurudi darasani, na baadaye hutoka tena.

Faida ya utaratibu huu imo katika kurudi. Mwanafunzi aliyewahi kuhangaika wiki mbili akitafuta kwa nini mabomba ya maji ya mji yanaonekana kupita katikati ya nyumba za watu, hulisikiliza somo la mifumo ya marejeo kwa masikio mengine. Nadharia ambayo awali aliikariri kwa ajili ya mtihani sasa hujibu swali lake mwenyewe. Naye mwalimu hupata habari za kazi zinavyofanyika, hata akajua ni sehemu ipi ya muhtasari imepitwa na wakati.

Kwa nini ujira?

Wako wanaosema kwamba mwanafunzi anapata elimu, na kwa hiyo elimu hiyo ndiyo malipo yake. Hoja hii ina sura ya ukweli, lakini haitoshi, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni wajibu. Anayelipwa huwekwa katika orodha ya wafanyakazi, hupewa kazi yenye tarehe ya mwisho, na hutakiwa kujibu ikiwa kazi ina kosa. Katika taaluma ambayo kosa kubwa laweza kukosa dalili, tabia ya kuijibia kazi yako ni sehemu ya ujuzi wenyewe.

Sababu ya pili ni ya mwajiri. Asiyelipa kitu hapotezi kitu mwanafunzi akikaa bure. Ni rahisi basi mwanafunzi kutumwa kutoa nakala za barua na kupanga majalada kwa wiki nane, kisha akapewa sahihi katika kitabu chake cha kumbukumbu. Mwajiri anayelipa, hata kama ni kidogo, hutafuta kazi inayolingana na fedha zake, na kazi hiyo ndiyo somo.

Sababu ya tatu ni usawa. Kazi nyingi za taarifa za kijiografia ziko mijini. Mwanafunzi mwenye ndugu mjini hulala na kula kwao, akaweza kufanya kazi bila malipo katika ofisi nzuri. Mtoto wa mkulima asiye na ndugu mjini hana budi kutafuta ofisi iliyo karibu na kwao, iwe ina kompyuta au haina. Wote wawili wataandikiwa kwamba wamekamilisha mafunzo, lakini hawakujifunza mambo sawa.

Hali ya Tanzania

Kuunganisha kazi na masomo si jambo geni nchini. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kazi iwe sehemu ya masomo. Novemba 1974 Azimio la Musoma lilikwenda mbali zaidi: mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa kwanza kulitumikia taifa na kufanya kazi kwa muda wa miaka kadhaa kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye. Tofauti yake na ule wa Waterloo ni kwamba kazi ilitangulia na masomo yakafuata. Hapakuwa na kwenda na kurudi. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja isiyofaa kusahauliwa: mtu aliyekuwa kazini alilipwa kama mfanyakazi.

Siku hizi wanafunzi wa vyuo vikuu hufanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki kadhaa, aghalabu mwishoni mwa mwaka wa masomo. Katika upande wa ramani kuna mfano mzuri wa kujivunia. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, kuuchora mtaa wao katika ramani huria ya dunia iitwayo OpenStreetMap. Desemba ya mwaka huo huo mafuriko makubwa yaliikumba Dar es Salaam na kuua zaidi ya watu 40. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walipita mitaani wakipima mitaro, njia, majengo na maeneo yanayofurika, huku Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia ikiwa miongoni mwa washirika. Baadaye vyuo vinne, yaani Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, viliungana na Chuo Kikuu cha Turku cha Finland katika mpango uitwao Resilience Academy, ambao huwafanya wanafunzi wakusanye data za hatari za miji kama sehemu ya mafunzo yao.

Kazi hizi zimethibitisha kwamba mwanafunzi wa mwaka wa pili, akisimamiwa vyema, aweza kutengeneza ramani inayotumiwa na mji. Kwa maneno mengine, mwanafunzi huyo hazalishi zoezi, anazalisha mali.

Hapa ndipo penye swali. Mwanafunzi anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukuta kwamba mafunzo kwa vitendo ni mojawapo ya vipengele vya mkopo huo. Maana yake ni kwamba akienda kupima mitaro ya halmashauri, nauli na chakula chake vyatoka katika deni ambalo atalilipa mwenyewe akishahitimu. Canada mwanafunzi hulipwa ili afanye kazi. Hapa hukopa ili afanye kazi. Mkopo huo ni msaada wa kweli, kwani bila huo wengi wasingeweza kwenda kabisa. Lakini mzigo umewekwa juu ya bega lililo dhaifu kuliko yote.

Tahadhari

Haifai kudhani kwamba ujira huondoa kila tatizo. Utaratibu wa kupokezana huirefusha shahada kwa miezi kadhaa au zaidi. Mwajiri mmoja aweza kumfundisha mwanafunzi kubonyeza vitufe vya programu moja tu, hata akadhani kwamba programu hiyo ndiyo sayansi. Mwanafunzi aliyezoea mshahara aweza kuona masomo ni kero. Tena, taarifa za nyumba za watu ni amana: asiyefundishwa maadili aweza kutoa hadharani habari ambazo mwenye nyumba alimweleza kwa kumwamini. Kwa hiyo chuo hakina budi kubaki mwenye somo: kichague kazi zifaazo, kimtembelee mwanafunzi, na kisome taarifa yake kwa makini.

Wala si lazima Tanzania iige Waterloo neno kwa neno, kwa sababu waajiri wakubwa wa Ontario hawapo kwa wingi huo hapa. Lakini halmashauri inayohitaji ramani ya mitaro, mamlaka ya maji inayohitaji kujua mabomba yake yalipo, na mradi wowote wenye fungu la kukusanya data, vyaweza kutenga sehemu ya fedha hizo kuwa ujira wa wanafunzi. Fedha hizo zisihesabiwe kuwa sadaka, kwa sababu data zilizokusanywa ni kazi iliyofanyika.

Zoezi la darasa

1. Katika ramani ya 1:50,000, kisima kimewekwa milimita 4 mbali na mahali pake. Kosa hilo ni mita ngapi? Katika ramani ya mji ya 1:2,500, umbali huo ungekuwa sentimita ngapi?

2. Dodoma ni takriban latitudo -6.2 na longitudo 35.7. Kwa kutumia atlasi, onyesha mahali Dodoma itakapoangukia (a) namba zikigeuzwa, (b) alama ya kutoa ikisahauliwa.

3. Longitudo ya choo cha shule ni 39.28345. Karani ameandika 39.28. Ikiwa digrii moja ni kilomita 111, choo kimehama mita ngapi?

4. Wanafunzi wagawanywe makundi mawili. Kila kundi lichore ramani ya uwanja wa shule bila kuwasiliana na lingine, kisha ramani zilinganishwe. Kila tofauti ielezwe: ni kosa la kipimo, la kumbukumbu au la jina?

5. Jadili: "Mwanafunzi anayejifunza kazini apaswa kulipwa na anayeitumia kazi yake."

Majibu: (1) mita 200, sentimita 8. (2) (a) baharini, magharibi kidogo ya Tangier, Moroko. (B) kusini-magharibi ya Ethiopia. (3) karibu mita 380.

Swali la nne lastahili kupewa muda mrefu kuliko mengine. Makundi yatakapobishana kuhusu mahali ulipo mwembe au mpaka wa bustani, mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Awaache warudi uwanjani na kamba ya kupimia, wapime tena mbele ya wenzao, na kila kundi liandike majina ya wanakundi chini ya ramani yao. Mwanafunzi aliyezoea kuweka jina lake chini ya kipimo chake amekwisha kuanza kujiandaa kwa kazi ya taaluma hii.